Pumzi ya Kulala Chali

Jumatatu, 8 Mei 1995, Kibiti
Malaria tupu leo. Foleni ya kituoni haikuisha hadi alasiri. Nimerudi nyumbani nikamkuta kaka Mussa bado anahema. Waliomleta kutoka Mbwera wiki iliyopita walidhani nitampa sindano moja apone. Ini lake limeharibika miaka mingi, hilo tulilijua. Kukosa pumzi ndiko kupya. Nimempangia mito ya sufi mgongoni akae wima. Nilipogeuka alikuwa ameteleza hadi chini. Nimeipanga upya. Nimechoka.

Jumatano, 10 Mei
Wifi Mwajuma, mkewe, humshika mabega mchana kutwa asilale. Kwake, mgonjwa anayeomba kulazwa chali anaaga. Amekigeuza hata kitanda, kisielekee kibla. Kaka akamwambia, "Mama Shaha, niache nilale. Nikishakufa utanikalisha tena?" Wifi alicheka, kisha akatoka uani kulia.
Nami niko upande wa wifi, kwa sababu nyingine: chuoni tulifundishwa kwamba anayekosa pumzi hukalishwa. Sababu mbili, mito ileile.

Ijumaa, 12 Mei
Wifi alikwenda sokoni. Nilimkuta kaka ameteleza tena, amelala chali, anaongea bila kukatika. Nikamkalisha: midomo ikawa ya zambarau. Nikamlaza: rangi ikarudi. Nikarudia.
"Dokta, mimi pampu ya baiskeli?"
Nimeona aibu. Mwili wake ulikuwa unatueleza siku zote hizi, nasi tulikuwa tunausahihisha. Nadhani ini limeyafikia mapafu. Nadhani tu. Juzi nilikuwa na hakika, na nilikosea.
Mito nimeiondoa. Wifi hasemi nami.

Jumanne, 23 Mei, Dar es Salaam
Tulimleta amelala kwenye godoro, nyuma ya pikapu. Barabara imeharibiwa na masika. Kila shimo nililihisi kwa niaba yake. Profesa wangu wa zamani amempima damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Dhana yangu ilikuwa sahihi, au karibu na sahihi. Ini bovu limeitanua mishipa midogo ya mapafu, na damu inapita humo bila kuchukua hewa ya kutosha. Akisimama, damu nyingi hushukia sehemu ya chini ya mapafu, kwenye mishipa iliyoharibika zaidi. Kwa hiyo kulala humpa nafuu.
Dawa hakuna. Tiba ni kupandikizwa ini jingine, na hapa nchini halipandikizwi. Profesa anasema zamani mapafu ya namna hii yalikuwa sababu ya kumkataa mgonjwa. Sasa wapo wapasuaji ng'ambo wanaosema hiyo ndiyo sababu ya kumharakisha, kwa kuwa wameona mapafu yakirudi taratibu baada ya ini jipya. Si kwa wote. Wengine hawavuki majuma ya mwanzo.
Ombi limekwenda kwenye kamati ya rufaa za nje. Nimejikataza kutumaini. Natumaini.

Alhamisi, 8 Juni, Kibiti
Kamati imekataa. Profesa amenipigia simu kituoni. Mapafu hayatahimili, wamesema. Sababu ileile ya zamani.
Nilikasirika hadi nikashindwa kuandika dawa za mgonjwa aliyekuwa mbele yangu. Baadaye nikajiuliza: angekuwa kaka wa mtu mwingine, nami nimekaa kwenye kile kiti, ningempitisha? Sijui. Profesa atalipeleka ombi tena. Sauti yake haikuwa ya mtu anayetegemea kitu.
Nimemwambia kaka yote, bila kupunguza. Aliuliza kama ndege wameshaanza kushuka kwenye mpunga. Anataka kurudi kwenye dungu lake shambani, akafukuze ndege. Wifi amekataa katakata: watu watasema tumemrudisha azikwe. Naogopa hilohilo, kwa lugha ya kitabibu.

Jumapili, 18 Juni, Mbwera
Kaka ametushinda, wifi nami: tumekuja naye, amelala njia nzima, hata ndani ya mtumbwi. Wanaume wanne walimpandisha kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, ambamo watu huamia ndege. Kamba zenye makopo zimetandazwa juu ya mpunga. Moja imefungwa kwenye dole gumba la mguu wake. Ndege wakitua, anapiga teke dogo. Makopo yanalia, wanaruka wote.
"Tazama, Dokta. Kazi ya kulala."
Kamati haijajibu. Kwa ninavyomwona, jibu likija litamkuta amechoka zaidi, au halitamkuta. Sikumwambia. Nafikiri anajua.
Leo wifi amemlaza chali kwa mikono yake mwenyewe, pasipo mto. Ila aliuvuta mkeka mpaka miguu yake ikaelekea mpunga, si kibla. Kisha akaketi kando yake, akatwaa kamba ya pili.