Mlingoti Haung'oki, Baba

Kapsoit, Kericho
Jumapili jioni

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Na Mama ameacha kubeba mifuko ya saruji akijifanya kijana? Mimi ni mzima kabisa, na maziwa ya huku yameninenepesha hadi sketi ya kijani imekataa kufunga. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unakata kabla sijamaliza.

Ulisema muhula huu ukiisha nirudi Karatina nikae dukani, kwamba hukunisomesha ualimu ili nichezeshe watoto wa watu mpira wa kikapu. Neno hilo limenikaa rohoni. Basi sikiliza kwanza ninachofanya huku.

Nyuma ya madarasa tulisimamisha mlingoti wa mkalitusi, na fundi wa milango akatuchomelea pete ya nondo, ileile unayouza wewe. Siku ya kwanza niliwapanga wasichana ambao hawajawahi kushika mpira huo, nikamwambia aliyekuwa mbele, Chepkoech, arushe. Baba, aliushika kwa mikono miwili akautupa nyuma, juu ya bega! Ukampiga mwenzake kifuani. Aliyefuata naye akafanya vivyo hivyo. Watoto hawa wamekua wakichuma majani chai kwenye mashamba ya kwao, na mchumaji hageuki kutazama kikapu kilicho mgongoni. Anachuma kwa mikono yote miwili na kutupa nyuma, siku nzima. Mikono yao inajua njia hiyo tu.

Walimu wenzangu walicheka hadi machozi. "Madam, hawa wetu ni wa majani," mmoja akaniambia. "Hiyo mpira ya Nairobi wachana nayo." Hapo damu ikanichemka. Unanijua nikiambiwa niachane na kitu.

Jumamosi nikaenda shambani kuchuma nao. Nilikuwa mzembe, walinicheka vizuri sana. Lakini niliona jinsi kifundo cha mkono kinavyokunjuka kwa ulaini, bila bega kuhangaika, na wachezaji wa mjini huhenyeka kweli kabla ya kukipata kitu hicho. Jumatatu nikawaambia: mkono wa kushoto ushikilie mpira ubavuni tu, usisukume. Kiwiko kiwe chini ya mpira. Kunja magoti, inuka, kisha acha kifundo kifanye ileile kazi ya shambani, ila sasa mbele. Niliwasimamisha karibu kabisa na pete, na sikujali mpira umeingia au la. Nilitaka kuona vidole vikibaki juu, vimeinama, baada ya mpira kuondoka. Walinung'unika! Mimi nami nikakaza.

Sasa kuna Mzee Langat, baba yake Chepkoech, mwenyekiti wa wazazi. Yeye anataka mlingoti ung'olewe kwa sababu unawachelewesha wasichana. Alhamisi alikuja mwenyewe uwanjani na gambuti zake za mpira miguuni, katikati ya mazoezi.

"Mwalimu, ng'ombe inangojea huyu msichana. Majani inangojea. Hii mpira itamsaidia na nini?"

"Mzee, muache arushe kidogo, uone."

Chepkoech akarusha. Mpira ukagonga pete, ukaruka kando.

"Umeona?" mzee akaniuliza, akamshika binti yake mkono.

Msichana huyu hata akiitwa jina darasani hujibu kwa kunong'ona. Lakini alijitoa mkononi mwa mzee taratibu, akasema mbele yetu sote, "Baba, ngoja. Sijamaliza."

Wenzake waliganda. Aliufuata mpira, akarusha, akakosa. Akaufuata tena. Mzee alikuwa amefura, lakini hakuondoka. Mara nyingine mpira ukaingia bila hata kugusa chuma, ukadunda hadi kwenye gambuti zake. Hakutabasamu, wala hakumpongeza. Aliuokota, akautazama, akamrudishia.

"Rusha ingine," akasema, "halafu twende tukamue."

Sijui wazazi wataamua nini wakikutana Ijumaa, maana mzee hajasema neno tangu siku hiyo. Nitakuwepo, na nitasema. Wakiung'oa mlingoti, nitasimamisha mwingine, na nondo utanitumia wewe.

Msalimie sana Mama. Mwambie Cucu kwamba mjukuu wake bado hajaolewa huku, na maombi yake nayapokea hata hivyo. Kaka yangu Kamau mpe hilo duka, yeye ndiye anayependa harufu ya misumari tangu utotoni.

Najua kufikia hapa umekunja uso na unataka kuikunja na barua. Ngoja, Baba. Sijamaliza. Muhula ukiisha sirudi.

Binti yako yuleyule mkaidi uliyemlea,
Wangari