Mama, Nekesa Bado Anafungwa Kwenye Kiti

Mama,

Nekesa wako anatembea sasa. Jana alivuta sufuria ya ugali hapa Kitale, nikapiga kelele, naye akacheka kama wewe tu, kichwa nyuma. Nikasema, ai, nyanyake amerudi.

Unakumbuka siku ulikuja kumchukua alipozaliwa, umpeleke nyumbani Kabuchai kwa mikono yako, kama kawaida ya nyanya? Ukamkuta garini amefungwa kwenye kiti cha watoto nilichonunua mtumba. Weh! "Mama Nekesa, mjukuu hubebwa. Huyu si kreti ya soda!" Nikakataa. Ukakaa kando yake umenuna, kibuyu cha maziwa mapajani. Kufika Kiminini ng'ombe akaingia barabarani, mwanao, mume wangu, akakanyaga breki. Kibuyu ulikuwa umekishika kwa mikono yote miwili, na bado kiliruka, kikapasukia huko mbele. Nekesa hata hakuamka. Ukajipangusa maziwa, ukamwangalia, ukasema polepole, "Kumbe mikono haitoshi."

Kutoka hapo tulikoma! Kila mama wa kanisa aliyempakata mtoto garini alihubiriwa habari ya kibuyu.

Tulipokuzika, Shangazi, wifi yako, alitaka kumpakata Nekesa tukirudi Kitale. Ati mtoto analia, amefiwa na nyanyake, kiti ni cha nini? Nilikuwa nimechoka, Mama. Ningekubali. Lakini mwanao akasema tu, "Mama alikataa." Nani atabishana na neno la marehemu, kaburi bado bichi? Shangazi akamfunga mwenyewe.

Karibu na Kamukuywa pikapu ikatugonga. Shangazi akavunjika mkono, ule ule ambao angempakatia mtoto. Nekesa tulimpata anatafuna kamba ya kofia yake. Asante, Mama. Nalia nikiandika, lakini ni asante.

Siku hizi redioni wanabishana juu ya sheria ya watoto kufungwa garini. Wengine ati ni mambo ya wazungu. Shangazi akisikia hivyo anainua ule mkono: "Wazungu gani? Hii ni ya wifi yangu wa Kabuchai!"

Nekesa anakaribia kukizidi kile kiti. Binti wa Shangazi ni mjamzito, na tayari anasema mtoto wake atabebwa. Lala salama, Mama. Nitampelekea kiti mimi mwenyewe, na akibisha, nitamwambia ulikataa.

Wako,
Mama Nekesa