Chupa ya Juu ya Friji

Mpendwa Baba Neema,

Leo Jumapili nimeifungua ile chupa. Ndiyo, ile ile uliyokuja nayo kutoka duka la mvinyo ulikokuwa ukibeba makatoni, umeishika kwa mikono miwili kama uliyepewa mtoto mchanga.

"Hii zabibu inaitwa Bobal," ukaniambia kwa ile sauti yako ya ualimu. "Ya Hispania. Zamani walikuwa wanaitumia kutilia rangi tu mvinyo wa zabibu nyingine, jina lake haliandikwi. Sasa ona, limeandikwa kubwa! Boss kasema ni-try."

Nikakujibu kwamba mvinyo ninaoujua mimi ni wa Dodoma, na nao natia sukari. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Pilau ilikuwa mezani, umeshaanza kutafuta kizibuo, mimi nikakunyang'anya chupa. "Hiyo ya wageni, Baba Neema!" Nikaiweka juu ya friji, karibu na zile glasi nzuri, ambazo nazo ni za wageni. Ukajimiminia soda yako ya chungwa kwenye kikombe cha plastiki, wala hukuninunia.

Tangu hapo ukawa utani wako. Ukirudi kutoka kazi ya kwanza, kabla hujaenda ya pili, unatazama juu kule unasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Binamu yako wa Fairfax aliahidi kuja Krismasi, theluji ikamzuia. Pasaka akawa na zamu. Hapa Gaithersburg, kama Marekani yote, kila mtu husema anakuja wiki ijayo.

Walikuja ulipofariki. Walijaa mpaka kwenye ngazi, na chapati zao na soda zao, na hata siku ile chupa sikuigusa. Sijui nilikuwa namngoja nani tena.

Sasa Neema yuko chuoni. Napika kikombe kimoja cha mchele na bado wali unabaki. Nina upweke, mume wangu, sikufichi. Na mvinyo wenyewe umeharibika. Nilimpigia Neema, akauliza niliuweka wapi.

"Juu ya friji? Mom, you cooked it!"

Kumbe joto linalopanda kutoka nyuma ya friji limeupika miaka yote hiyo. Akacheka kicheko chako, nikakata simu mapema nisimlilie.

Halafu nikakaa nikawaza. Ulikuwa unaingia jioni, unakula umesimama, unajinyoosha kidogo, unaondoka. Katika nyumba hii hakuna aliyekaa kidogo kama wewe. Mgeni alikuwa wewe, Baba Neema, nami nikakunywesha soda kwenye plastiki. Nisamehe.

Nimeumimina kwenye glasi nzuri, sikutia sukari. Mchungu, mkali, unakwaruza koo. Nimeumaliza hivyo hivyo. Glasi nimezishusha zote, kuanzia kesho nitazinywea maji.

Pumzika, mgeni wangu.

Mkeo,
Mama Neema