Nyumba Aliyonionyesha Dada

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Chai saa moja, baada ya kumwamkia dada. Nina miaka sabini na mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, na bado kila asubuhi nasimama mlangoni pa chumba chake na kusema shikamoo. Yeye ana sabini na sita. "Marahaba, mdogo wangu. Umelala, au umekesha ukisahihisha?" Utani huo haujabadilika tangu nifike Jumamosi kutoka Dodoma.

Kwa miaka hamsini nimekuja Tanga kwa harusi na misiba tu, nikaondoka na basi la kesho yake. Safari hii nimekuja kutembea. Dada Zubeda ametoka edani mwezi uliopita. Mumewe, Shemeji Athumani, alifariki Januari. Amesema mji atanionyesha mwenyewe.

Leo mnara wa saa, Boma la Wajerumani, barabara ya bandarini. Anaeleza vizuri kuliko kitabu. Miguu inauma. Nimefurahi.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Tongoni. Magofu ya msikiti na makaburi ya mawe. Dada amenishika mkono njia nzima. Hakuwa na desturi hiyo. Nadhani ujane umemlainisha.

Mchuzi wa usiku ulitiwa chumvi mara mbili. Nimeula bila neno.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Sina raha.

Tulikwenda mtaa wa nyuma ya soko kuona nyumba ambayo dada na shemeji walipanga chumba cha juu walipooana. Dada alihesabu njia panda, akasimama, akainua kidole. "Tazama roshani ile. Mbao zimechongwa kama lesi. Dirisha la mwisho ndilo langu."

Hapakuwa na roshani. Palikuwa na uzio wa mabati, kifusi na nondo zilizosimama. Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni. Alikuwa anatabasamu, macho yameelekea juu, mahali penye hewa tupu. Muuza kahawa aliyekuwa kando alinitazama mimi, kisha akainamia vikombe vyake.

Dada akauliza, "Pazuri, sivyo?"

Nikasema pazuri sana.

Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Nimemwangalia kutwa. Anahesabu ngazi. Anapapasa ukuta kabla ya kukaa. Mboni zina ukungu mweupe. Miezi minne na siku kumi ya eda alikaa ndani, watu wakimletea kila kitu mkononi, nani angejua?

Baada ya alasiri nimemwambia wazi kwamba haoni, na kwamba nina hakika ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika. Hakukana. "Macho haya nimeyalia mwenyewe. Nimemlilia mume wangu mpaka yakaisha. Sasa weye wataka nikayafute hospitali, kama kwamba sikulia?"

Nikajibu kwamba machozi hayapofui mtu. Nilijibu kwa sauti ya darasani. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi ni mdogo wake. Siwezi kumwamuru, na sijui njia nyingine ya kusema na watu.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Shikamoo yangu imeitikiwa bila utani.

Saa nne ametoka peke yake kununua mbaazi, kwa kunikomoa. Njia ya mbele imechimbwa mtaro wa maji machafu. Ameangukia humo. Dereva wa bajaji amemleta, goti linavuja damu, kiganja kimechubuka, ushungi umejaa tope. Nimemwosha. Nilijiona nimemuua kwa ukali wangu.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Sikuweza kuubeba uongo wangu zaidi. Nimemwambia: dada, ile nyumba haipo. Imebomolewa. Umenionyesha kifusi, nami nikasema pazuri.

Aliinamisha kichwa. Nikajua nimemuua mara ya pili. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Kumbe nasifia mabati! Na weye, mwalimu mzima, waitikia!"

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu akalia kidogo, kwa nyumba. Akauliza imebomolewa lini. Nikamwambia nilivyoambiwa na muuza kahawa yule, niliporudi peke yangu kumwuliza: akiwa edani. Akauliza nini kingine kimeondolewa. Sikujua.

"Athumani asingekubali nisimuliwe mji wangu na mtu wa Dodoma," akasema. "Jumatatu twende huko kwa daktari wako."

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Hospitali. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wataanza na la kulia. Dada akamwuliza daktari, binti kijana, kama ni machozi. Binti yule akajibu kwa upole, "Hapana, bibi, ni umri tu."

Amenuna mpaka nyumbani. Umri umemuudhi kuliko upofu.

Nimebadilisha tiketi.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Amepasuliwa asubuhi. Nimekaa kwenye benchi nikiwa na tasbihi yake. Nimeogopa sana. Operesheni ikiharibika, ni mimi niliyemleta.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Bandeji imetolewa. Dada alitazama ukuta, kalenda, vidole vyake.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni. "Masufuria meusi hivi! Nimewapikia wageni humu?" Daktari amemkataza kuinama, basi nimeyasugua mimi. Yeye alisimama nyuma yangu akinyoosha kidole palipobaki masizi. Yote saba. Sijawahi kusahihishwa namna hiyo.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Upepo mzuri. La kushoto ni mwezi ujao. Mwanawe wa kwanza atakuja kutoka Muheza kumpeleka. Mimi naondoka kesho.

Saa tisa dada alijifunga ushungi, akavaa miwani myeusi ya hospitali, akasema anatoka. Nikachukua viatu vyangu. "Weye kaa," akasema. "Mji wangu nitautazama mwenyewe." Sikumwuliza anakwenda wapi. Nilimtazama kutoka dirishani. Alifika kwenye mtaro, akasimama, akauangalia vizuri, akauvuka.

Ameniachia mchele niuchambue. Ni saa kumi na moja sasa. Nimeuchambua mara mbili, na maji yanachemka.