Matofali ya Mnara wa Geng

Shibeigou,
18 Machi, 1992

Mpendwa mdogo wangu Cuilan,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Fengshan, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Mimi sijambo, ila magoti yamekataa mlima. Theluji imeyeyuka, mtama bado hatujapanda.

Umeniuliza kwa nini nimebomoa chumba cha mama bila kukuambia, na una haki ya kukasirika. Wataalamu walikuja kutoka mjini, wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba mwenye matofali ya Ukuta Mkuu ayarudishe, kwa kuwa mnara wetu wa lindo unakarabatiwa. Nilikuwa wa kwanza. Majirani wakanicheka, wakisema mzee Shoutian kaingiwa na wazimu, anajiezulia paa mwenyewe.

Unajua baba alivyoupenda mnara ule. Kila mwaka tuliufagia kwanza, makaburi baadaye. Kijiji kilipoamriwa kuvunja Ukuta ili tujenge mabanda ya nguruwe, alikaa mlangoni mwa mnara siku kumi na moja, mama akimpelekea uji wa uwele. Mkuu wa kijiji, Pei, akamkejeli mbele ya watu: "Mzee Geng, unamlinda nani? Wamongolia wanakuja na trekta?" Baba akamjibu kwamba babu zetu waliletwa hapa kutoka kusini zaidi ya miaka mia nne iliyopita, wakaambiwa walinde hadi waje wa kuwapokea zamu. "Wa kutupokea hawajaja," alisema.

Watu walicheka, lakini wao je? Nusu ya kijiji ni uzao wa askari wale wale. Bila Ukuta tusingekuwa na lafudhi hii wanayotucheka nayo sokoni, wala sababu ya kuishi juu ya mawe haya. Pei mwenyewe alikuwa na mnara wa ukoo wake. Ndio alioanza kuubomoa. Wetu wakauacha, kwa kumwonea baba haya.

Sasa Cuilan, kaa chini kwanza.

Vuli ile ile ukuta wa udongo wa chumba cha mama uliporomoka, naye alikuwa akikohoa damu. Baba akiwa shambani, nilipanda na sululu nikachomoa matofali kwenye kona ya kaskazini, chini kabisa, mahali pasipopita mtu. Ilinichukua siku sita. Nilimwambia baba nimeyaokota kwenye kifusi cha akina Pei. Aliitikia tu, akashika mwiko, akanisaidia kujenga. Lipu alipiga mwenyewe, siku hiyo hiyo.

Kiangazi kilichofuata alipanda mnarani mvua ikinyesha, kona ile ikamwangukia. Watu walisema ni mvua. Mazishini ulilia kwamba Ukuta umemla baba, nami nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na saba. Mama alilala chumba kile mpaka alipofariki, akilalamika kwamba ukutani mnatoka baridi, kama kuna mtu amesimama nyuma yake anapumua. Nilikuwa naongeza kuni tu. Siku hizi naisikia pumzi hiyo hata nikiwa uani.

Na si hayo tu. Nilipokuwa nabomoa, niliona kwamba upande aliojenga baba, kila tofali lenye muhuri wa mnara wetu lilikuwa limegeuzwa, muhuri ukitazama ndani. Hakukosa hata moja. Alijua tangu tofali la kwanza, Cuilan. Nilikaa vumbini, nikakumbuka yale magogo mawili tuliyoyakuta kando ya mwili wake, tukadhani ni kuni. Alikwenda kuiegemeza kona niliyoitoboa. Alikwenda peke yake, kwa sababu angemwita mtu wa kumsaidia angelazimika kusema kwa nini.

Juzi fundi aliniuliza kama kuna anayekumbuka matofali haya yalikaa wapi. Nilimwonyesha yote kwa mkono wangu, tofali kwa tofali. Akaniuliza nimejuaje. Niliinama nikaokota tofali lingine.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Siku ya kufagia makaburi nitakuwa kule juu tangu asubuhi, magoti yakitaka yasitake. Ukija nitakuonyesha mahali. Usipokuja nitaelewa, na nitamwambia baba kwamba sasa unajua.

Msalimie sana shemeji, na wanao waambie mjomba anawawaza. Jifunike vizuri, upepo wa Machi si wa kuuamini.

Kaka yako,
Geng Shoutian