Siku Nitakayovua Njuga

Jumapili, mwaka tisini na sita unaisha. Mvua imeanza kabla jogoo hajamaliza kelele zake, na jioni hii bado inanyesha. Leo sijakimbia. Njia ni matope matupu, na katambuga zangu za matairi zikiingia kwenye tope la Kasokola hazitoki bila kubishana.

Nimekaa mlangoni na daftari langu. Shule sikuiona hata kwa nje. Herufi nilizipata ngumbaru, nikiwa tayari na watoto, ndiyo maana ni kubwa na zinapandana. Anayeona vibaya asisome.

Leo Kabula ametembea.

Mjukuu wangu huyo ameachia goti la mama yake, akasimama, akatutazama wote kama mwenyekiti anayetaka kufungua mkutano, halafu akaja. Miguu mifupi, tumbo mbele. Amefika kwangu akanishika kanga. Nikalia.

"Unalilia nini?" Minza akanisemesha. "Mtoto ametembea, hajafa."

Minza ni mke mwenzangu. Mume wetu alishatangulia, tukabaki sisi wawili kwenye mji mmoja, tunagombana hata kwa niaba yake.

Kabula na mbio zangu ni pacha. Walizaliwa siku moja.

Kwetu huku mama mzima hakimbii. Mtoto hukimbia, mwizi hukimbia, ndama hukimbia. Mama mzima ukimwona anakimbia na kanga kaifunga kiunoni, ujue kuna maiti. Huulizi ni nani. Unatupa jembe, unajifunga yako, unamfuata huku unalia. Jina utalisikia mkifika.

Sasa mwaka jana, msimu kama huu, binti yangu Milembe alishikwa na uchungu mchana, damu ikaanza kutoka kabla ya mtoto. Baiskeli alikuwa nayo mume wake, sokoni Mpanda mjini. Nikamwambia Minza amshike mkono, nikatoka mbio kwenda barabara kuu kutafuta gari. Sikuwa nimekimbia tangu nikiwa kigori.

Nilidhani niko peke yangu. Nikasikia vilio nyuma. Kugeuka, mashamba yote yanakuja. Wamama wamejifunga kanga, wanaume wana udongo mpaka magotini, mwingine kabeba kuku wake hakupata muda wa kumwachia. Wanalia kwa sauti. Wengine walikuwa wanamtaja marehemu mume wangu, maana jina jipya hawakuwa nalo.

Likatokea lori la mbao. Yule dereva, kwa bibi mmoja aliyelowa, asingegusa breki. Lakini alipoona msiba mzima unamjia, alisimama na kofia akavua.

"Poleni jamani. Nani amefariki?"

"Hajafa bado!" nikamwambia. "Geuza gari!"

Wale waliokuja kuzika ndio waliorudi mbio nyumbani, wakambeba Milembe na kitanda chake, wakampandisha juu ya mbao. Nilipanda naye. Kabula akazaliwa hospitali, mvua ikipiga bati, ndiyo maana tukamwita jina hilo la mvua. Mama yake akapona.

Mwaka mzima jambo hili halijaniachia. Watu wale walikuwa wanamlilia nani? Hawakujua. Kati yao kulikuwa na mama ambaye hatukuwa tunasalimiana naye kwa ajili ya ng'ombe wetu walioingia kwenye mahindi yake. Naye alikuja. Hakuuliza kama msiba ni wa mtu anayempenda. Nikilifikiria hilo nikiwa nachota maji, nasahau ndoo inafurika.

Lakini nisiandike mazuri tu. Kabla ya kufika barabarani nilianguka. Pumzi ilikwisha, macho yakaingia kiza. Nikiwa pale chini niliwaza neno moja: binti yangu anakufa kwa sababu mama yake hana mapafu. Aliyenishika kwapani akanisimamisha ni yule yule wa mahindi.

Kwa hiyo nikaanza. Kila kunapopambazuka, mbio.

Na kila nilipokimbia, msiba. Siku ya kwanza walitoka, ya pili wakatoka. Mwenyekiti wa kitongoji akaniita mbele ya watu.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa adabu, "palizi imelala. Watu wanaamka wanalia, wakifika wanakukuta unahema tu. Ama utembee, ama utafute namna."

"Mfungeni kengele," Minza akadakia, "kama dume la ng'ombe."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikainuka, nikaenda nyumbani, nikarudi na njuga za mume wetu. Alikuwa mcheza ngoma yule, akikanyaga chini hata wazee walikuwa wanasogea. Nikazifunga miguuni mbele yao. Hakuna anayekwenda msibani na njuga. Ukizisikia unajua: huyo ni bibi na wazimu wake, endelea kulima.

"Njuga za mume wetu unakwenda kuzichosha barabarani!" Minza akapiga kelele njia nzima. Mimi huyo, chwe chwe chwe, nikamwacha.

Mwaka huu, jamani. Sikujua mwili wa bibi una vyumba ambavyo havijafunguliwa. Mwanzo nilikuwa nakata pumzi kabla ya kisima. Kiangazi kilipofika nilikuwa navuka barabara kuu naendelea, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na moyo umetulia kama ng'ombe anayecheua. Nilikwenda Sitalike kumwona kaka yangu, nikakimbia asubuhi huko pia, nikakuta tembo wanavuka. Nikasimama, njuga zikanyamaza. Jike moja likatanua masikio kuniangalia, kama linauliza kama nimemaliza kelele zangu. Walipopita, ardhi ilinitetemekea kwenye nyayo. Nilibaki pale mpaka jua likapanda. Sikuwa na hofu. Nilijiona mdogo, na udogo ule ulikuwa mtamu.

Sikukuu ya wakulima nikaingia mbio za wanawake mjini. Yule wa kupanga watu akaniambia, "Bibi, vua hizo, unawasumbua wenzako." Nikamwambia, nikivua, watu wa Kasokola waliojaa hapa wataanza kulia na sherehe yako itaharibika. Akacheka, akaniacha. Niliwapita wawili tu. Mmoja alikuwa ameshika ubavu. Nimepita, nimepita.

Halafu mvua za kwanza zilipoanza, kamba ya njuga ilikatika nikiwa njiani. Nikazishika mkononi zisilie, nikaendelea kukimbia, kanga kiunoni.

Hakuna aliyetupa jembe.

Walinipungia mikono. "Mayu, leo umezisahau?" Wakarudi kwenye matuta yao.

Nilisimama palepale nikapata baridi. Kumbe kila asubuhi niliyojipa pumzi nilikuwa nakula kidogo kidogo ile imani yao. Nimepata mapafu, nimepoteza watu. Na mapafu peke yake hayabebi kitanda.

Nimeandika hivyo kwa sababu Milembe ana mimba tena. Mtoto atakuja kiangazi. Mume wake amesema atampeleka mjini mapema akae karibu na hospitali, na mimi nimemwambia vizuri, fanya hivyo. Lakini hata Kabula tulimpangia siku, yeye akaja siku aliyoipenda. Nikimwona Milembe anashika kiuno, damu ya mwaka jana naiona mbele yangu.

Leo kanisani, matangazo yalipokwisha, nilisimama.

"Nyie," nikawaambia, "mniangalie vizuri. Kuanzia leo, mbio bila njuga mimi sina. Zikikatika, nitarudi kwa kutembea kama mama mzima. Kwa hiyo mkiniona nakimbia na miguu iko kimya, msinipungie mkono. Njooni."

Vichwa vikageuka. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Mwenyekiti akauliza, "Na kama utakuwa umesahau tu, Mayu?"

"Mimi si wa kusahau. Nawajua nyie wote na ng'ombe wenu."

"Na mkija mkakuta hakuna kitu," Minza akasema kutoka nyuma, "mpigeni. Mimi nitashika miguu."

Wakacheka. Yule mama wa mahindi hakucheka. Alinitazama, akatikisa kichwa kwenda chini, mara moja tu. Sijui kama ni ndiyo au ni usingizi.

Tumerudi tumelowa. Nikalala kidogo. Nilipoamka nilimkuta Minza karibu na moto, njuga za mume wetu mapajani. Kamba za zamani kazitoa zote. Anashona ukanda mpya wa ngozi ya ng'ombe, mara mbili mbili, anavuta kwa meno.

"Usifikiri nakusaidia," akasema bila kuinua macho. "Nimechoka tu kukusikia."

Nikamwambia asante dada. Hatujawahi kuitana dada.

Basi mwaka unaokuja nataka haya. Nifike Mpanda mjini bila kupumzika hata kwenye kilima. Sikukuu ya wakulima nimpite yule mwalimu wa kike mwenye viatu vyeupe, aliyenitimulia vumbi huku ananipa pole. Na kila asubuhi nilie chwe chwe chwe mpaka watu waichoke sauti yangu, waizoee kama sauti ya mvua, ili siku ikikosekana wainue vichwa.

Kupima kama watakuja siwezi. Nikijaribu hata mara moja, nimewaharibu tena. Itabidi niwaamini tu hivi hivi, kama Kabula leo alipoachia goti la mama yake.

Mungu apitishe mbali siku hiyo. Lakini ikifika, nitavua njuga, nitazikabidhi kwa Minza, nitajifunga kanga kiunoni na kutoka mbio, miguu kimya.

Nyie, mtatupa majembe?