Ombi Lililolazwa

Drumnafin, Leitrim
Jumatano, 19 Novemba

Mwanangu mpendwa Fiachra,

Pokea salamu nyingi za mama yako, na za baba yako, ambaye saa hii amesinzia huku redio ikizungumza, maana ukiizima tu anaamka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kwamba kile kikohozi kimekuachia, na kwamba unakula chakula kilichopikwa, si vile vya kwenye maboksi. Sorcha wako naye msalimie sana. Mwambie soksi ninazomfumia zimebaki kisigino kimoja.

Utaona sijaandika ile sehemu ya sisi huku. Sijaisahau, nimeiruka kwa makusudi, na utaikuta mbele. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu mdomo wangu una mazoea yake. Ungeniuliza habari nami ningejibu nzuri kabla sijafikiri. Karatasi inaningoja. Usiyatazame maandishi, unajua shule yangu iliishia wapi.

Habari ya kwanza ni kwamba jana nilikuwa Dublin. Ndiyo, nilipita karibu kabisa na ofisi yako na sikuja kukuona, na sababu yake utaipata. Nilikwenda Bungeni.

Sasa nianze na yale niliyokuficha. Dympna, yule msaidizi tunayeletewa na serikali tangu baba yako apate kiharusi, unamfahamu. Alikuwa akija saa nzima asubuhi na nusu saa jioni, kumnyanyua, kumwogesha, kumnyoa na kumlisha uji. Mwezi wa Septemba ikaja barua kwamba jioni imeondolewa na asubuhi imebaki nusu saa. Barua yenyewe ilisema haya si mapunguzo, ni kupanga upya muda. Dympna alilia hapa jikoni. Alisema nusu saa inamtosha kumwogesha au kumlisha, kwa hiyo nichague. Siku za Jumatatu tunachagua uji.

Wewe ulijua anatembea kwa fremu yake. Alikuwa akitembea, mwanangu, mpaka Oktoba. Kiharusi kilimrudia, kidogo, lakini mguu mmoja haukusikia tena. Jumapili ile niliyokwambia usije kwa kuwa tunapaka rangi, hatukupaka rangi yoyote. Alikuwa ameniponyoka bafuni, nami nikaenda naye chini, tukakaa sakafuni wote wawili saa nzima na nusu tukisikiliza mechi kwenye redio mpaka Concepta Mulvanerty alipovuka barabara kurudisha bakuli langu.

Sasa muuguzi mkuu wa eneo anasema kitanda kimepatikana kwenye nyumba ya wazee, maili arobaini kutoka hapa, na tujibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo anapewa mwingine. Ama saa za Dympna zirudi, ama baba yako aende. Katikati hapana kitu. Basi la kwenda huko ni moja kwa siku, nalo hugeuza kurudi kabla ya saa ya kuwatazama wagonjwa. Miaka hamsini na moja nimelala na mtu huyu, leo niambiwe nimwone siku ya Mungu akipenda.

Hukuambiwa kwa sababu baba yako alikataza. Alisema, kwa ule upande wa mdomo unaomsikia, kwamba kijana yuko Wizara ya Afya na tusimtie doa kwa kuomba upendeleo. Nami nilikubali. Siku ulipopata kazi ile niliapa mbele ya padri kwamba sitakuwa mama wa kubisha hodi wizarani.

Kwa hiyo nikaenda kwa Malachy Duignan, mbunge wetu, kama wanavyokwenda wote. Jumamosi, chumba cha nyuma cha baa ya Gilhooly, ile ambayo upande wa pili wanauza majeneza. Watu kumi na mmoja mbele yangu, kila mtu na bahasha yake. Mmoja alikuwa anatafuta taa ya barabarani, mwingine paspoti ya mjukuu. Malachy alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia mazishi ya mama yangu yalikuwa mazuri sana. Mama alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Lakini alinisikiliza, aliandika, akasema atanipatia dakika nne Bungeni ambazo Waziri hawezi kuzikwepa, atajibu mbele ya taifa zima. Nilirudi nyumbani nimeziamini dakika zile kama mtu anavyoamini dawa.

Basi jana tukapanda treni ya saa moja ya asubuhi kutoka Carrick, mimi na Concepta, ambaye ukitamka Dublin tu anavaa koti. Dada yake alibaki na baba yako. Mlangoni pa Bunge askari aliipitisha mikate yangu ya mayai kwenye mashine kama baruti, halafu akaizuia, na chupa ya chai pia, akanipa kikaratasi cha namba. Concepta akamwambia ajihadhari, akiila tutamjua kwa harufu. Alicheka yule askari, akatuonyesha ngazi na choo. Siku nzima ndiye mtu pekee aliyenijibu nilichomuuliza.

Tulikaa juu, kwenye viti vya wageni. Nilidhani Bunge hujaa. Fiachra, misa yetu ya Jumanne asubuhi ina watu wengi zaidi, na Jumanne huwa tuko tisa. Walikuwa bado kwenye mjadala wa matumizi ya serikali. Wa upande huu akasimama akasema tangu nchi izaliwe haijawahi kutumia mabilioni mengi namna hii kwa huduma za wananchi. Wa upande ule akasema ndiyo, na ameyatafuta mabilioni hayo jimboni kwake hata kwa tochi, hajayaona. Wa kwanza akamkumbusha nani alikuwa serikalini hospitali ilipofungwa. Wa pili akamkumbusha babu yake. Halafu wakashikana kwenye tarakimu moja, robo saa nzima, kama ni ongezeko au ni punguzo, mpaka yule wa serikali akaeleza taratibu, kama anamfundisha mtoto, kwamba ni ongezeko, ila ni ongezeko lililopungua. Concepta akaninong'oneza kwamba na yeye mumewe ni mwembamba aliyenenepa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Dakika walizozitupa pale zingemtosha Dympna kumnyoa baba yako wiki nzima, mashavu yote mawili.

Ikafika zamu yetu. Wale wachache nao wakainuka wakaondoka, wakabaki watatu na Naibu Spika. Na Waziri hakuja. Alikuja naibu waziri wa misitu, kijana mwenye mafua, akasema Waziri anaomba radhi na yeye atamsomea jibu. Wa misitu, Fiachra. Nikajiambia labda baba yako wamemweka kwenye hesabu ya miti.

Malachy alisema vizuri, simnyimi haki yake. Jina hakulitaja. Alisema ni mzee wa miaka sabini na tisa, kaskazini mwa jimbo lake, aliyeendesha gari la mkate miaka thelathini na tano, na theluji ilipofunga barabara akaishusha mikate akaibeba mgongoni mpaka kwa wajane wa mlimani, na leo nchi aliyoilisha haina nusu saa ya kumlisha. Nililia. Concepta akanipa leso ambayo ilikwisha tumika.

Kisha yule wa misitu akafungua karatasi akasoma. Akasoma kwamba serikali inathamini sana wazee, kwamba saa za usaidizi nchini ni nyingi kuliko wakati wowote, kwamba muda hupangwa kulingana na mahitaji na rasilimali zilizopo. Alisoma kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya mfuko wa mbolea. Nilikuwa nimeanza kutafuta kikaratasi changu cha mikate nilipomsikia anasema:

"Napenda kumhakikishia Mheshimiwa kwamba ombi hili halijakataliwa. Limelazwa tu, na litaamka wakati wake."

Hata yeye mwenyewe alisita, akaisogeza karatasi karibu na macho. Mmoja wa wale watatu, bila kuinuka kitini, akauliza, "Limelala au limekufa, Mheshimiwa?" Wakacheka.

Sikujua nimesimama mpaka niliposikia sauti yangu inashuka kule chini.

"Nani kakuandikia hayo?"

Kengele ikalia. Yule kijana akaangalia juu, na nadhani angenijibu, maskini, mdomo ulifunguka. Msimamizi akanishika kiwiko kwa adabu kabisa akaniambia, "Mama, huku juu hairuhusiwi kuuliza." Nikamwambia na kule chini hairuhusiwi kujibu, basi tumelingana. Mimi nikatolewa nje, Concepta akabaki, ndiye aliyenisimulia mwisho wake. Malachy alisimama akamshukuru naibu waziri kwa kupata nafasi ya kuja.

Tukarudishiwa mikate yetu, tukaila kwenye benchi upande wa pili wa barabara, mkabala na wizara yenu. Nilihesabu madirisha. Concepta akauliza lako ni lipi ili alirushie yai. Nilimwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli. Ila nilijua uko nyuma ya mojawapo, na kwamba kabla siku ile haijaisha utaandika jibu jingine.

Maana neno lile si la serikali, mwanangu. Ni letu. Bibi yako alikuwa akimfunika kuku anayeatamia kwa kikapu ili anyamaze, na sisi watoto tukimlilia kuku alisema sijamchinja, nimemlaza tu, ataamka wakati wake. Mimi nikalichukua nikawa nawajibu nyinyi. Mliomba baiskeli, ililazwa. Mliomba mbwa, alilazwa. Nchi nzima hii, kutoka Donegal hadi Cork, hakuna nyumba nyingine inayosema hivyo. Ulikaa kwenye meza yako ukatafuta namna ya kumwambia mzee wa watu hapana bila kumuumiza, na mkono wako ukaenda mahali ulipozoea kwenda. Hukujua mzee ni nani. Najua hukujua, na kosa la kutojua kwako ni langu mimi niliyekaa miezi miwili nikisema nzuri, nzuri, nzuri.

Lakini nina ungamo jingine, na hili ni la zamani.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu uliomba kwenda na wenzako wiki tatu kule Donegal kujifunza Kiirishi. Nilikwambia sijakataa, nimelilaza. Nilijua halitaamka. Kila mara nilijua. Hakuna hata moja lililowahi kuamka, Fiachra, hata moja, ila sikuwa na moyo wa kusema hapana kwa mtoto anayenitazama. Kiangazi kile nilikuwa nafagia chini ya kitanda chako nikakuta begi limefungwa tayari. Suruali mbili, taulo, kamusi, na mswaki mpya ambao sijui uliutoa wapi. Ulijiandaa, likiamka ghafla lisikukute hujawa tayari. Nililirudisha palepale, sikusema. Wiki tatu zilipita, wenzako wakarudi wanaimba, na begi likakaa mpaka shule ilipofunguliwa. Ukalifungua mwenyewe. Nilikusikia kupitia ukuta unarudisha nguo kwenye droo, moja moja.

Kwa hiyo jana kwenye treni, hasira yangu yote ilipokuwa inatafuta pa kukaa, ilizunguka behewa zima ikarudi kwangu. Ulijifunza kwangu. Wengine wanawarithisha watoto ardhi.

Sasa chini ya kitanda kuna begi tena. Baba yako amemwambia Dympna amfungie, kwenye nusu saa yake ileile. Pajama mbili, mashine ya kunyolea, redio. Siku hiyo hakuoga. Na jana niliporudi aliniuliza wamesemaje. Nilimtazama, na neno lile lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikamwambia wamesema hapana, Mel. Akasema, afadhali, sasa tunajua.

Sikuombi upendeleo. Kiapo changu kwa padri bado kipo. Naomba Jumamosi uje ukae jikoni na saa mkononi, Dympna aingie, uone nusu saa ni kitu gani. Usiseme lolote, tazama tu. Tukae sisi watatu tuamue la Ijumaa, maana mimi peke yangu siwezi, na hilo pia sijawahi kukwambia. Ukirudi wizarani uandike utakavyoona. Kama bado ni hapana, andika hapana, herufi sita. Mtu akiambiwa hapana anajua pa kwenda. Akiambiwa limelala, anakaa na begi lake chini ya kitanda.

Concepta anakusalimu, anasema la yai alikuwa anatania. Mwambie Sorcha akija naye nitatandika chumba cha nyuma. Vaeni vizuri, kumeanza kuganda asubuhi, na pale kwenye daraja usiendeshe kama watu wa Dublin.

Baba yako ameamka, ananiita, ngoja nimalize. Ile sehemu niliyoiruka kule juu nimekuwa nikiitafutia maneno tangu asubuhi, kumbe ilikuwa fupi. Miaka yote tangu uondoke nimekuandikia kwamba sisi huku hatujambo. Mwanangu, sisi huku tuna jambo.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Assumpta McGourty